Mwongozo kamili: kuitembelea EPIC, makumbusho ya wahamaji wa Ayalandi, pamoja na watoto

EPIC ni makumbusho ya watu walioondoka kwao. Iko Dublin, kando ya mto Liffey, ndani ya jengo liitwalo CHQ. Jengo hilo ni ghala la bandari la mwaka 1820, lililosanifiwa na mhandisi John Rennie. Zamani juu iliwekwa tumbaku na chini mapipa ya mvinyo. Siku hizi matao ya matofali ya huko chini ya ardhi yamegawanywa vyumba 20 vyenye habari moja: watu wapatao milioni 10 waliokihama kisiwa hicho karne kwa karne, kilichowatoa, walikofikia na walichokifanya huko.

Msitarajie makabati ya vioo yaliyojaa vitu vya kale. Kuna skrini za kugusa, sauti, picha zinazotembea ukutani na maswali ya kujibu. Kila mgeni hupewa kijitabu cha pasipoti ili akigonge muhuri chumba baada ya chumba. Makumbusho yalifunguliwa Mei 2016, na mwanzilishi wake, Neville Isdell, ni mhamaji mwenyewe. Alizaliwa Downpatrick, Ayalandi ya Kaskazini, akakulia Zambia, akaanza kazi katika kiwanda cha Coca-Cola hukohuko Zambia, na mwishowe akaiongoza kampuni hiyo duniani. Mwambie mtoto habari hii kabla hamjaingia, maana inampa Afrika mahali pake katika habari hizi tangu mlangoni.

Jambo moja linaamua kama ziara itawanufaisha au itawachosha: msijaribu kusoma kila kitu. Kwa saa mbili, vyumba 20 vinapata dakika sita kila kimoja, na dakika sita hazimtoshi hata mtu mzima kusoma nusu ya maandishi ya chumba. Chagueni vyumba sita na mkae dakika 12 katika kila kimoja. Vile 14 vilivyobaki wapeni dakika tatu tatu, za kugonga muhuri na kutazama jambo moja tu. Jumla ni dakika 114, na watoto watatoka bado wana hamu.

Makumbusho haya yanawafaa zaidi watoto wa miaka saba na kuendelea. Walio chini ya hapo watafurahia mihuri, ngoma na picha, lakini msiwadai zaidi ya saa moja na robo.

Viza kwanza, kwa wanaotoka nje

Ayalandi haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen iliyowapeleka Paris au Amsterdam haiwaingizi Dublin. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, na kila mtoto huombewa peke yake.

Kosa kubwa zaidi huwapata familia zinazoishi Uingereza. Ni kweli kwamba raia wa Uingereza na wa Ayalandi wanavuka huku na huku bila viza, lakini ruhusa hiyo ni ya uraia, si ya makazi. Mama mwenye pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Leicester bado anahitaji viza, hata kama watoto wake wana pasipoti za Uingereza. Meli ya kutoka Holyhead, bandari ya Wales, hadi Dublin huchukua saa tatu na kitu, na pasipoti hukaguliwa mnaposhuka. Kurudishwa kutoka hapo na watoto waliochoka ni adha isiyo na sababu.

Maombi huanza mtandaoni, kisha stakabadhi hupelekwa kwenye ofisi mtakayoelekezwa na fomu. Yanapokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo ombeni mara tu dirisha hilo linapofunguka. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika.

Neno moja kuhusu Belfast, jiji la Ayalandi ya Kaskazini. Mpakani hapana kizuizi, na basi linavuka bila kusimama, lakini huko ni Uingereza, na viza ya Ayalandi peke yake haiwapi ruhusa ya kuwa huko.

Wiki moja kabla: waandaeni watoto nyumbani

Hatua hii wengi huiruka. Mtoto asiyejua kwa nini watu waliondoka ataona skrini tu. Zinatosha jioni tatu za nusu saa.

Jioni ya kwanza, viazi. Wekeni kiazi mbatata mezani. Waelezeni kwamba kabla ya mwaka 1845 mamilioni ya maskini wa Ayalandi waliishi kwa kiazi kama chakula chao kikuu, tena wengi walipanda aina moja tu, Lumper, kwa sababu ilizaa sana katika kipande kidogo cha ardhi duni. Ukaingia ugonjwa wa *Phytophthora infestans*. Kwetu unaitwa ukungu chelewa au bakajani chelewa, na ndio huohuo wakulima wa Njombe, Mbeya na Nyandarua wanaupulizia dawa kila msimu wa mvua na baridi. Majani hupiga weusi, na viazi huoza ardhini. Shamba lenye aina moja halina mche wa kustahimili, kwa hiyo linakwenda lote.

Kisha wapeni hesabu. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 kisiwani, ya 1851, milioni 6.6. Takribani milioni moja walikufa, na wengine wasiopungua milioni moja wakaondoka. Hadi leo kisiwa kizima, kaskazini na kusini, hakijaifikia tena idadi ile ya 1841. Mtoto mkubwa atauliza: hapakuwa na chakula kingine? Kilikuwepo. Nafaka na mifugo iliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza miaka ileile, kwa sababu maskini hakuwa na fedha ya kukinunua na serikali haikuzuia biashara. Msilikwepe swali hili. Ndilo swali bora atakaloingia nalo.

Jioni ya pili, kitanda. Chukueni utepe wa kunata mpige sakafuni mraba wa sentimita 183 kwa 183, yaani futi sita kwa sita. Laleni wanne ndani yake, kwa dakika tano, bila kutoa mguu nje. Katika meli za wahamaji kama Jeanie Johnston, kitanda cha kipimo hicho kililaliwa na watu wazima wanne, mara nyingine wasiojuana, kwa wiki sita au saba. Zoezi hili lina nguvu kuliko video yoyote.

Jioni ya tatu, mpigieni simu babu, bibi au shangazi mmoja. Maswali ni manne tu: nani katika ukoo wetu aliondoka kwao? Alitoka wapi kwenda wapi? Alibeba nini? Alipeleka habari nyumbani kwa njia gani? Watoto wenyewe waulize na kuandika majibu. Karatasi hiyo ikunjwe, iende Dublin.

Muda, tiketi na njia

Makumbusho hufunguliwa siku saba za wiki kuanzia 10:00 kwa saa za tiketi, yaani saa nne asubuhi yetu. Wa mwisho huingia 17:00, saa kumi na moja jioni. Chagueni saa nne, kabla makundi ya watalii hayajajaa. Saa nane mchana huwa ni saa mbaya kwa watoto: wametoka kula, chini hakuna mwanga wa jua, na usingizi unawanyemelea.

Nunueni tiketi mtandaoni kwa saa maalumu. Linganisheni tiketi ya familia na jumla ya tiketi mojamoja, maana kwa mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja ile ya familia huenda isiwe nafuu. Kama mnataka kuiona na meli ya Jeanie Johnston, angalieni kwanza kama kuna tiketi ya pamoja.

Usafiri wa ndani ya jiji ni rahisi kwa kadi ya nauli iitwayo Leap. Basi la mjini halipokei noti wala halirudishi chenji. Asiye na kadi alipe kwa sarafu kamili. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kutoka uwanja wa ndege hakuna treni, ni mabasi, na mabasi namba 16 na 41 yanaingia katikati ya jiji.

Tramu inayofika mlangoni ni ya Laini Nyekundu ya Luas, kituo cha George's Dock. Hapa pana mtego. Laini hiyo inagawanyika baada ya kituo cha Busáras, na baadhi ya tramu zinakwenda kuishia stesheni ya Connolly. Pandeni iliyoandikwa The Point. Mkikosea, shukeni Busáras mtembee, ni dakika chache tu. Kadi hugongwa kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda, na tena baada ya kushuka. Ndani ya tramu hakuna mashine, na mkaguzi hasikilizi udhuru wa mgeni.

Anzeni nje, kwenye sanamu

Fikeni nusu saa kabla ya muda wa tiketi. Karibu na jengo, ukingoni mwa mto, zimesimama sanamu za shaba za Rowan Gillespie zilizowekwa mwaka 1997: watu waliokonda, nguo zimechakaa, wanatembea kuelekea melini. Mmoja amebeba mtu begani, na nyuma yao yupo mbwa. Ni mahali palepale palipotoka meli Perseverance tarehe 17 Machi 1846, na abiria 210 wakielekea New York. Walifika 18 Mei, wote hai.

Sanamu hizi ni za kipimo cha mtu, tena zimesimama chini, si juu ya jukwaa, hivyo mtoto anaweza kutembea katikati yao. Mwacheni afanye hivyo bila maelezo, dakika tano. Kisha muulizeni: nani hapa ameshika kitu, na unadhani ni nini? Si mahali pa kupanda wala pa kupiga picha za mzaha, na mtoto huelewa akiambiwa mapema.

Desemba jua huzama karibu na saa kumi na robo jioni, kwa hiyo mkiacha sanamu hadi mtakapotoka alasiri mtazikuta gizani. Mvua ni ya wakati wowote, na upepo wa mtoni huvunja miavuli. Makoti yenye kofia ndiyo yanayofaa.

Ndani: pasipoti iwape mwendo

Kabla ya kushuka chini, fanyeni mambo matatu juu, kwenye ukumbi wenye migahawa: chooni wote, maji wote, na majina yaandikwe kwenye pasipoti. Tiketi na programu yoyote ya maelezo zipakuliwe kwenye simu mapema, kwa sababu mtandao huweza kupotea chini ya ardhi. Mizigo mikubwa iacheni hotelini. Kigari cha mtoto kinapita, na lifti ipo.

Gaweni kazi. Mtoto wa miaka mitano hadi minane ndiye mtafuta muhuri. Vyumba vingi vina gizagiza, na kuutafuta muhuri ni mchezo tosha. Wa tisa hadi kumi na mbili atafute watu watatu ambao angependa kusafiri nao, aandike jina na nchi waliyohamia. Kijana mkubwa zaidi apewe swali moja la kulijibu mwishoni: ni sababu ipi ya kuondoka inayofanana na ile ya ukoo wetu? Kila mtoto awe na pasipoti yake. Wakigawana moja, ugomvi utaanza chumba cha tatu.

Mwendo wa vyumba ni wa upande mmoja. Vya mwanzo vinaeleza safari na sababu za kuondoka: imani, njaa na kazi, vita, mateso. Vya katikati na kuendelea vinaeleza walichokifanya wahamaji huko walikofika: michezo, sayansi, siasa, muziki na ngoma, vitabu, hata ujambazi. Kosa la kawaida ni kumaliza nguvu zote kwenye nusu ya kwanza, ambayo ndiyo nzito, na kufika kwenye ngoma watoto wakiwa wamekaa sakafuni. Angalieni saa: mkifika nusu ya vyumba, dakika 60 zisiwe zimepita.

Vyumba sita tunavyoshauri ni hivi.

Chumba cha imani. Kwa familia za Afrika Mashariki hiki kisipite hivihivi. Masista wa Loreto waliofungua shule Kenya walifika 1921 kutoka shirika lenye mizizi Ayalandi. Edel Quinn, binti wa Kanturk, Cork, alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1936 akiwa na afya dhaifu, akazunguka kuanzisha matawi ya Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, hadi alipofariki Nairobi Mei 1944, na huko ndiko alikozikwa. Hata msipoyaona majina haya ukutani, watajieni watoto: upande wa pili wa habari hizi uko nyumbani.

Chumba cha njaa na kazi. Hapa maandalizi ya viazi yatalipa. Mtoto mwenye hofu ashikwe mkono, asilazimishwe kusimama mbele ya kila picha.

Chumba cha michezo. Mweleze mtoto habari za Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Cork, aliyefika kufundisha shule ya St Patrick's, Iten, Kenya, mwaka 1976 bila ujuzi wowote wa riadha, akabaki. David Rudisha, aliyefundishwa naye, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012, rekodi ya dunia.

Chumba cha siasa na uongozi. Leteni habari ya Obama. Baba yake ni Mjaluo wa Kenya. Upande wa mama, Falmouth Kearney, kijana wa kijiji cha Moneygall, aliondoka Ayalandi mwaka 1850, miaka ya njaa ileile. Obama alikitembelea kijiji hicho Mei 2011. Mtoto wa wahamaji anapoona mito miwili ikikutana kwa mtu mmoja, makumbusho yote yanabadilika machoni pake. Familia zenye asili ya Kongo ziongeze Roger Casement, mzaliwa wa Sandycove karibu na Dublin, ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua ukatili waliotendewa Wakongo katika uvunaji wa utomvu wa mpira chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Miaka kumi na miwili baadaye Waingereza walimnyonga kwa kupigania uhuru wa nchi yake.

Chumba cha ngoma. Hapa mwili hufundishwa hatua za ngoma ya Kiayalandi. Wazazi nao wacheze.

Chumba cha vitabu na hadithi, kwa ajili ya kukaa na kusikiliza. Kiwekeni kama pumziko.

Sauti hutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Mtoto anayesumbuliwa na kelele apewe viziba masikio, na mpangeni ishara ya mkono ya kusema "nimechoka". Skrini ikiwa na watu, msisubiri zaidi ya dakika mbili. Nyingine ipo chumba kinachofuata. Muhuri ukififia, bonyezeni tena polepole kwenye ukurasa uliolala sawa. Watoto huharibu ukurasa kwa kugonga kwa haraka huku wameushika hewani.

Meli, kama mna nguvu

Kuleni kwanza. Kisha, kama ziara za meli zinaendelea siku hiyo, ipandeni Jeanie Johnston, nakala ya meli iliyojengwa Quebec, Kanada, mwaka 1847. Ni chombo cha mbao na hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kuwaahidi watoto. Meli ya awali ilifanya safari 16 kwenda Amerika Kaskazini kati ya 1848 na 1855, na hakuna abiria hata mmoja aliyefia humo, katika miaka ambayo meli nyingine ziliitwa majeneza. Sababu ni za kawaida kabisa: nahodha James Attridge hakuijaza kupita kiasi, alikuwapo daktari, Richard Blennerhassett, na abiria walipandishwa juu kupata hewa huku matandiko yakianikwa. Safari ya kwanza alizaliwa mtoto, akapewa jina Nicholas Johnston Reilly. Huko chini mtaviona vitanda vya futi sita kwa sita. Watoto watajua wenyewe vipimo vyake.

Ngazi ni za mwinuko mkali na dari ni fupi. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, kigari kibaki nje.

Kama katika familia yenu mna damu ya Kiayalandi

Familia za mseto ni nyingi, na watoto wakitoka hapo huuliza. Msianzie Dublin. Anzieni kwa jina kamili la mhamaji, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, na dini yake, kwa sababu vitabu vya parokia hugawanyika kwa dini. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1864, na sehemu kubwa inasomeka bure kwenye tovuti ya irishgenealogy.ie. Vitabu vya parokia za Kikatoliki viko bure mtandaoni kwa Maktaba ya Taifa. Sensa za 1901 na 1911 ziko kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nazo bure. Sensa nyingi za kabla ya hapo hazipo, kwa sababu nyingine ziliharibiwa na serikali yenyewe, na nyingi zikaungua mwaka 1922, jengo la mahakama la Four Courts, Dublin, palipohifadhiwa nyaraka, lilipolipuka vitani. Mahali pake hutumika Griffith's Valuation, orodha ya wapangaji wa ardhi na nyumba ya kati ya 1847 na 1864.

Watu hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni jina: O' na Mac zilidondoshwa na kurudishwa ovyo, kwa hiyo tafuteni Sullivan na O'Sullivan pia. La pili ni mahali: kujua wilaya hakutoshi, mnahitaji jina la kitongoji, na mara nyingi limeandikwa kwenye cheti cha ndoa au jiwe la kaburi huko alikohamia, si Ayalandi. Babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi akipatikana na vyeti vikawepo, mjukuu anaweza kuomba uraia kwa kuandikishwa katika daftari la waliozaliwa nje. Vyeti viwe halisi vya vizazi vyote vitatu, na nakala za simu hazikubaliki.